Usingizi Niliouacha Kwenye Mkonge

Wewe unayelala chali ukitazama fito za paa huku mwenzako anakoroma, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si tabibu. Sijui usingizi unatoka wapi wala unakwenda wapi, na waliojidai kunieleza walinipotezea muda. Ninachojua ni kwamba niliukosa, kidogo nimkose na mke wangu, na kwa muda mrefu watu wenye viti na meza walinitazama usoni wakaniambia siumwi. Sasa nalala. Nimepata nafasi ya kukasirika vizuri, maana mtu asiyelala hata hasira yake haina nguvu.

Jina langu Kondo, mzaliwa wa Kisarawe. Miaka ile baada ya vita vya pili, mkonge ulipokuwa unatakiwa kila mahali, nilipata kazi kwenye shamba moja upande wa Mlandizi, huko Kibaha. Jina la shamba silitaji. Nilihamia kambini na mke wangu Sikudhani, binti wa watu wa Kibuta, na mtoto wetu wa kike, Chausiku, aliyekuwa bado anajifunza kutamka jina lake.

Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha watu. Katikati ya kambi palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo pametundikwa kipande cha reli tulichokiita kengele. Kabla ya mapambazuko nilikipiga kwa nyundo, kambi nzima ikaamka, wakata mkonge wakaenda zao shambani na watu wa mashine wakaenda kwenye mashine. Mchana nilifagia uwanja wa ofisi na kuchota maji. Ndugu zangu wa Kisarawe walisema nimeangukia pazuri. Na mimi nilisema hivyohivyo, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa mzima na mikono haina miiba.

Kengele ilikuwepo, nyundo ilikuwepo, lakini saa haikuwepo. Saa ilikuwa kwenye mkono wa meneja, Mzungu ambaye sisi tulimwita Bwana Hapana, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko mengine yote. Mimi nilikadiria kwa majogoo na kwa nyota ya alfajiri. Nilipoanza tu kazi nilimwendea, nimevua kofia.

"Bwana, naomba saa ya mezani. Nitaitunza."

"Hapana. Saa ya nini? Wewe iko na jogoo."

"Jogoo hukosea, Bwana."

"Basi wewe hapana kosea."

Akaingia ndani. Nikadhani ni mzaha wa mtu asiyejua lugha, kumbe alikuwa anasema anachokikusudia.

Kiangazi kilipita bila taabu, mbingu ikiwa wazi. Masika yakaja. Yeyote aliyekaa Mlandizi anayajua masika ya kule, mawingu yanashuka mpaka unadhani yataingia jikoni. Usiku mmoja mvua ilinyesha bila kupumzika, nyota hakuna, majogoo wamejikunyata chini ya magunia wala hakuwika hata mmoja. Nilikadiria kwa moyo wangu, nikatoka nimejifunika gunia, nikapiga. Bwana Hapana alikuwa amesimama barazani kwake na taa, anaitazama saa yake. Alisema nimechelewa. Labda kweli nilichelewa. Yeye ndiye aliyekuwa na saa.

Nilingoja nitukanwe, au nikatwe mshahara mimi. Hakufanya hivyo. Aliamuru siku ile isitiwe alama kwenye kipande cha mtu yeyote. Kipande, kwa asiyekijua, ni kadi ya mfanyakazi; siku isiyotiwa alama ni siku uliyofanya kazi bure. Watu walikata mkonge kwenye mvua mpaka jioni, wakijua siku ile haimo. Na kabla hawajaondoka uwanjani alininyooshea kidole mbele yao wote, akasema, "Nani nakula siku yenu? Uliza huyu."

Na walimwamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kulikuwa na mama mmoja jirani yetu, asubuhi alikuwa anatugawia kaa la moto ili Sikudhani asihangaike kuwasha. Tangu siku ile Sikudhani akienda kuomba moto anaambiwa umezimika, na huku moshi unaonekana.

Ugonjwa wangu ulianza hapo. Nilijilaza, nikawaza: nikipitiwa, watu wote hawa watakula nini? Nikafumbua macho. Nikayafumba, nikasikia jogoo ambaye hakuwika. Nikatoka kutazama mbingu, nikarudi, nikatoka. Ilikuwa hivyo usiku ule na uliofuata, na nilipodhani mwili utachoka wenyewe uniangushe, mwili ukasahau kabisa namna ya kuanguka. Ukitaka kujua kukosa usingizi ni nini, usifikirie usiku. Fikiria mchana wake. Mdomo mchungu, macho kama yametiwa mchanga, msuli unauzungusha kiunoni unabaki mwingi mkononi. Vidole vyangu vilitetemeka hata nikawa siwezi kupitisha uzi kwenye sindano. Masikioni reli inalia mchana kutwa na hakuna anayeipiga. Siku moja Chausiku aligonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, anacheza zake, mimi nikaruka nikakimbia mpaka kwenye nguzo, jua la mchana liko utosini. Watu waliokuwepo walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia hapo mama yake alimfundisha kucheza bila sauti. Mtoto anayecheza bila sauti ni kitu kibaya kukitazama, na mimi nilikitazama kila siku.

Nilinunua jogoo, nikamfunga kamba kwenye mguu wa kitanda. Najua unacheka. Nilitaka mlinzi, nikapata adui. Alikuwa anawika mwezi ukitoka, anawika mbwa akibweka, na mara nyingine anawika kwa kujisikia tu. Sikudhani alivumilia mavi yake na kelele zake. Kisha mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Kibuta, na niliporudi kutoka kuchota maji nilikuta jogoo yuko kwenye chungu na wali wa nazi uko pembeni.

"Mgeni haji kila siku," Sikudhani akasema, bila kunitazama. "Na mama yangu hatakula mchicha kwangu."

Hakuna mwanamume wa pwani anayeweza kulalamika kwamba mama mkwe wake amechinjiwa jogoo. Nilinawa, nikala, machozi yakanitoka kwenye wali. Mama mkwe akadhani ni pilipili. Sikudhani alijua si pilipili, na usiku ule, baada ya mama kulala, aliniambia, "Baba Chausiku, lala wewe. Mimi nitakesha, nitakuamsha."

Akakesha kweli, amekaa kwenye kigoda ameegemea ukuta. Mimi nikalala macho nikimsikiliza yeye, nikiogopa atasinzia. Tukawa watu wawili wasiolala badala ya mmoja. Wakati huo kipupwe kilikuwa kimeingia na alikuwa na mimba changa. Nilimwomba aache. Alikataa, akasema kama ni kufa tufe pamoja, akasema kwa ukali, na kuanzia hapo tulikuwa tunasemezana kwa ukali hata kuhusu chumvi.

Sasa nikueleze nilivyotibiwa, na hapa utanisamehe kama nitapandisha sauti. Pale shambani palikuwa na mganga wa dawa za Kizungu, kijana mwenye koti jeupe, na kwake yeye maradhi yalikuwa mawili, ya tumbo na ya homa. Masika yote alininywesha chumvi ya haluli. Nilikuwa sina usingizi, nikawa sina usingizi na niko chooni. Kipupwe akabadilisha, akanipa kwinini, masikio yaliyokuwa yanalia reli yakaanza kulia na mbu pia. Nilipomwambia sijapona alisema nisimfundishe kazi.

Shemeji yangu akanipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikaandikiwa kombe, aya zinazooshwa kwa maji kwenye sahani, nikalinywa kwa adabu. Nilipata utulivu siku mbili tatu, na Mungu amlipe mwalimu yule, maana ndiye pekee aliyeniuliza nini kinachonitisha. Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Hicho, mwanangu, si cha kombe." Halafu wazee wa kwetu wakasema nina pepo, ngoma ikapigwa, nikafukizwa chini ya shuka mpaka nikakaribia kuzimia. Walimwita pepo kwa majina yote waliyoyajua. Mimi nilijua jina lake, anakaa barazani na amevaa saa mkononi, lakini hilo hawakulitaka.

Nikaomba ruhusa niende hospitali ya serikali, Kisarawe. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu umande haujakauka. Kila mtu pale alikuwa na kitu cha kuonyesha, huyu kidonda, huyu mtoto anawaka moto, huyu jino. Mimi nilikuwa nimekuja mikono mitupu. Zamu yangu ilipofika, mpokea wagonjwa aliuliza bila kuinua kichwa.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi mahali. Silali."

"Nimekuuliza wapi."

"Silali, kaka. Tangu masika."

Benchi zima likacheka, hata mwenye jino. Niliingizwa kwa daktari, Mzungu mwingine, akanitazama ulimi na kope, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Mpokea wagonjwa akanitafsiria huku anafungua mlango niondoke. "Daktari anasema huna ugonjwa. Unatega."

Kutega ni kukwepa kazi kwa kujisingizia. Neno lile nilitembea nalo njia nzima ya kurudi. Mimi ambaye nilikuwa sijakosa hata asubuhi moja. Mimi ambaye mwili wangu ulikuwa umekataa kulala kwa kuogopa kukosa kazi, ndiye ninayeitwa mtegaji. Nimekaa na neno hilo miaka mingi na bado linanichemsha damu. Kama nawe umeambiwa hivyo na mtu mwenye koti, sikiliza: si kweli. Mtegaji hulala.

Nilijaribu mara moja tena, kwenye zahanati ya misheni kule Maneromango. Njia ilikuwa mbaya, mashimo na mchanga, na mimi natembea nayumba. Nilipofika foleni ilikuwa ndefu, imezunguka ukuta. Mbele yangu alikaa mama mtu mzima mwenye mguu uliovimba, amekuja na mkeka wake. Akanigeukia.

"Mwanangu, una nini?"

"Shikamoo, mama. Silali."

"Marahaba. Basi lala hapa," akasema, akajisogeza akaniachia nusu ya mkeka, kana kwamba nimemwambia nina kiu naye ana maji.

Nikajinyoosha ili nisimvunjie heshima. Niliamka jua linapotua. Foleni ilikuwa imekwisha. Watu wote waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamenipita, na hakuna aliyeniamsha, hata wale wenye watoto wanaolia walikuwa wamekwenda kukaa mbali kidogo. Yule mama alikuwa bado yupo, ananingojea niinuke achukue mkeka wake. Nilimwomba radhi, akasema mguu wake haukimbilii popote. Zahanati ilikuwa imefungwa, nikarudi bila dawa, lakini nilikuwa nimejua kitu ambacho koti jeupe halikunipa. Nilikuwa bado naweza kulala. Mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuadhibiwa kwa ajili yangu, nililala mchana kweupe kwenye kelele za wagonjwa.

Nilirudi kambini na furaha hiyo, nikajilaza, nikakesha.

Utauliza kwa nini sikuacha kazi. Ndugu yangu, zamani zile hukuwa unaacha kazi. Ulikuwa umetia dole gumba kwenye mkataba, na kuondoka kabla ya muda wako ni kutoroka, unafuatwa na askari nyumbani kwenu kama mwizi wa mbuzi. Nilikwenda kwa Bwana Hapana kumwomba aniachie kwa hiari. Jibu lake unalijua.

Vuli ilipoanza, Sikudhani alianguka kisimani. Hakuumia sana, alikuwa amesinzia wima, na ndoo ikamwangukia mguuni. Mimba ilikuwa kubwa sasa. Baba yake, Mzee Shomari, alikuja mwenyewe kutoka Kibuta kumchukua yeye na Chausiku. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulinitia hofu. Nilimwamkia, akaitika, akakataa kukaa.

"Mkwe, sikuja kugomba," alisema. "Ulipomwoa ulikuwa mtu, sasa naona kivuli. Nakwenda naye akajifungulie kwetu. Siku utakapoweza kuja kwangu ukalala tangu isha mpaka alfajiri kama watu wengine, mchukue mkeo. Kama huwezi, umwachie, na mahari yako nitakurudishia kwa heshima."

"Baba, ni kazi."

"Nimesikia. Mimi nimekuambia habari ya binti yangu."

Sikudhani alikuwa ananifungia chakula cha mwisho kwenye jani la mgomba. Alipomaliza alisema taratibu, "Mimi sikuachi, Baba Chausiku. Nimechoka tu." Akaondoka anachechemea. Nilibaki na nyumba yenye kigoda kitupu, na nilijua kwamba nikikaa pale mpaka mkataba uishe nitakuwa sina mke, na mtoto wa tumboni atakuwa ananiita mjomba.

Hapa lazima nikujulishe kwa Mihayo. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, na Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara yao ya kuja pwani. Jina lake kwa kwao lina maana ya maneno, lakini sikio la Mzaramo linasikia miayo, ile ya kupiga mwayo, kwa hiyo tulimtesa nalo. Yeye naye alinitesa. Mtani anakutukana hukasiriki. Anachukua kitu chako humdai. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuvaa nguo zako, kutembea kama ulivyokuwa unatembea na kuiga ulivyokuwa unasema, mpaka waliofiwa wanacheka katikati ya kilio. Kisha anataka fungu lake katika ulivyoviacha.

Asubuhi moja, siku chache baada ya Sikudhani kuondoka, watu walikuwa wamejipanga uwanjani kungoja kugawiwa kazi, jua ndiyo linatokeza. Mihayo akaja amechelewa. Amevaa kofia yangu na shuka langu, ameviokota kwenye kamba nilikoanika. Akaanza kutembea mbele ya mstari, miguu inaburuzika, shingo kaivuta juu anatafuta nyota. Anasimama, anatega sikio, anatikisa kichwa kuwa si jogoo. Anakaa. Anaruka. Anakimbilia nguzo isiyokuwepo, anapiga hewa kwa ngumi inayotetemeka. Tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, maana alikuwa ameniweza kabisa, hata namna ninavyokung'uta sikio ili reli inyamaze.

Halafu nyapara mkuu, Mzee Sefu, Mzaramo mwenzangu, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mbona anamwiga mtu ambaye hajafa?"

Kicheko kikakatika mstari mzima. Hakuna mtani anayemfanyia mtu aliye hai mambo ya msibani. Mihayo alikuja mpaka nilipo, akanipa mkono.

"Pole kwa msiba, Kondo."

"Msiba wa nani?"

"Wako. Nimeona nikucheke mapema, ukiwa bado unasikia." Akanipokonya nyundo mkononi. "Na huu ndio urithi wangu. Nani anaudai?"

Mimi nilisimama pale mikono mitupu. Nilikuwa nimejiona. Miezi yote ile nilikuwa namwona mtu asiyelala, na Mihayo alinionyesha maiti.

Bwana Hapana alishuka ngazi. "Nini hii?"

"Ni utani, Bwana," Mzee Sefu akasema. "Kitu kikichukuliwa na mtani hakidaiwi."

"Hapana. Wewe chukua nyundo."

"Siwezi, Bwana. Nitaaibika mbele ya watu."

Akamtazama mwingine, na mwingine. Wazaramo hawakuweza kuidai na Wanyamwezi hawakutaka. Mwisho akaenda mwenyewe, akaivuta kutoka mkononi mwa Mihayo. Mihayo aliiachia mara moja, kwa adabu, akainama.

"Ahsante, Bwana. Basi umerithi wewe. Kesho utuamshe."

Sijapata kusikia kicheko kama kile tena. Watu waliokuwa wameacha kunisemesha tangu masika walicheka wakashikana mabega. Mzungu hakuelewa maneno yote lakini kicheko kinaeleweka na kila mtu, akawa mwekundu mpaka masikioni, akatafuta wa kumwadhibu, na macho yake yakaniangukia mimi.

"Wewe hapana kazi. Toka. Leo."

Alidhani amenivunja. Anayetoroka hutafutwa na askari, lakini aliyefukuzwa hupita njia kuu anapiga mluzi. Nilichukua mkeka na sufuria. Mihayo alihamishiwa kubeba takataka za mkonge, kazi ya uvundo na muwasho, na alipokuja kuniaga alinitukana vibaya sana kwa kumsababishia, kisha akakataa kunirudishia kofia. Baadaye nilisikia saa ya mezani imepelekwa kambini kwa mpiga kengele mpya. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kila nikifikiria hilo natamani kupiga kitu.

Nilikwenda Kibuta kwa miguu. Mzee Shomari alinipokea bila maneno mengi, akanipa chumba cha upenuni na akanionyesha shamba la mihogo. Usidhani nililala siku ileile. Mwili uliozoea kuogopa hauambiwi mara moja ukasikia. Wiki za kwanza bado nilikuwa naruka, natoka nje natazama mbingu, na asubuhi Mzee Shomari ananiona macho mekundu, anaitika shikamoo yangu na kunyamaza. Sikudhani alikuwa analala kwa mama yake, kama desturi. Mama mkwe aliwagawia majirani majogoo wake wote bila kuniambia sababu, naye alikuwa mpenda kuku. Watoto walikatazwa kugonga vyombo. Mtu akiuliza ni saa ngapi anajibiwa kwamba jua lipo, atazame mwenyewe. Nililima, nikala, nikakaa. Kwanza nikapata usingizi wa mchana chini ya mkorosho, halafu kipande cha usiku, halafu kipande kikubwa zaidi. Nakuambia hivi ili usikate tamaa siku ya kumi ukaniona mwongo.

Kisha siku moja ya kiangazi kikali, kabla ya masika mapya, niliamka nikakuta ukuta wa chumba changu una joto. Jua lilikuwa limepanda kweli. Nyumba kimya, uani kimya, hata mchi hausikiki. Moyo ukaanza kudunda mdundo wa zamani, nikajua nimechelewa kitu, nikatoka mbio hata sijanawa. Uani walikuwa wamekaa wanawake wengi, wa nyumbani na wa jirani, wamejaa mikeka yote, na wote wamenyamaza wananitazama. Nilidhani kuna maiti.

Mama mkwe akainuka. "Umepata mtoto wa kiume," aliniambia. "Tangu usiku."

"Na mama yake?"

"Mzima."

"Mbona sikusikia? Mbona hamkupiga vigelegele?"

"Mkeo alituapisha. Uchungu umemshika, sisi tunatafuta maji, yeye anasema atakayemwamsha mume wangu asinisemeshe tena. Kajifungua anauma kanga."

Niliketi palepale kwenye vumbi. Mtoto wangu aliingia duniani kimyakimya kama kitu cha wizi, bila kigelegele kimoja, kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa wa kuwaamsha watu kwa ajili ya mali ya wengine. Mama yake alizuia kilio chake kinywani, katika saa ambayo mwanamke ana haki ya kupiga kelele kuliko saa zote. Wako wanaoniambia nisamehe, shamba lenyewe ni la watu wa mbali, mambo yamepita. Mimi sijasamehe. Na nilikuwa nimelala tangu isha, na Mzee Shomari alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake, akaniitikia shikamoo, na safari hii akaongeza kwamba nimekawia kuamka.

Nikaenda mlangoni kwa Sikudhani. Alikuwa amelala ubavu, mtoto yuko kifuani, uso wake umevimba kwa uchovu. Alinitazama macho kwa muda mrefu, jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayekagua sahani.

"Nani kakuamsha?" akauliza.

"Hakuna. Nimeamka mwenyewe."

Akageuza kichwa upande wa uani. "Mama," akaita, "sasa pigeni."